Mikebe Kumi na Miwili na Jino la Mzee Kimaiyo

Kabla sijafika kwa habari ya akili na sayansi yake, wacha niwaambie vile kwaya yetu ilinisahau Turbo.

Nilikuwa nikiimba besi. Kanisa letu lilikuwa huko chini karibu na ziwa, na kwaya ilikuwa na watu kumi na wanane. Mimi nilisimama mwisho kabisa, karibu na mlango, kwa sababu mwalimu wa kwaya alisema sauti yangu ni tamu ikitoka mbali. Mwaka mmoja tukaalikwa kuimba kwenye arusi huko Turbo. Tuliimba vizuri, hata mimi. Shida ililetwa na chakula. Wenyeji wa huko wana maziwa yao ya kibuyu, mursik, yanalala siku nyingi mpaka yanakuwa na maoni yao. Tumbo langu lilikuwa limezoea samaki. Nikanywa vikombe vitatu kwa heshima na cha nne kwa tamaa, halafu nikavua kanzu, nikairudisha sandukuni, nikatafuta mahali pa kujinyoosha. Kando ya uwanja kulikuwa na lori imepakiwa magunia ya mahindi. Nikapanda juu, nikalala.

Jioni mwalimu alihesabu. Lakini hakuhesabu watu, alihesabu kanzu, maana kanzu zilikuwa mali ya kanisa na sisi hatukuwa. Kanzu kumi na nane zilikuwa ndani ya sanduku, yangu ikiwemo. Akasema tuko sawa, wakaenda.

Mimi niliamshwa asubuhi na kitu baridi kikipita kando ya paja langu. Kufungua macho, naona mzee mmoja mrefu amevaa koti la mvua, ameshika chuma chembamba chenye mfereji katikati, na nusu ya chuma iko ndani ya gunia nililolalia. Lori ilikuwa imefika Eldoret, kwenye lango la ghala la mahindi.

"Hili gunia lina miguu," yule mzee akamwambia dereva, bila kushangaa sana. Akanishika shavu, akalifinya, akanusa vidole vyake. "Na ni mbichi. Rudisha."

Huyo ndiye Mzee Kimaiyo, na kile chuma ndicho bambo, na hiyo ndiyo siku niliyoingia kazi ya kupima mahindi. Sikurudishwa. Dereva alikataa kubeba mzigo wa kurudi. Mzee akaninunulia chai, akaniuliza jina, nikasema Okumu, akasema basi Okumu, beba magunia mpaka upate nauli. Nauli nilipata wiki ile ile, lakini kwenda sikwenda. Nilikaa kwenye ghala lile miaka mingi, nikapanga chumba mtaa wa West Indies, pale pale Eldoret, nikaoa, nikapata watoto wanne. Kwaya ilipata besi mwingine, na nasikia alikuwa mzuri hata akiwa karibu.

Sasa nyinyi vijana mnaniambia simu zenu zinafikiri. Mjukuu wangu anasoma mambo hayo huko chuo cha Chepkoilel, akaniambia, "Babu wa rafiki yangu alikuwa dereva wa treni, wewe ulikuwa mpimaji mahindi, andika." Nikamwambia hiyo sayansi unayosoma mimi niliiona ikiingia Eldoret kwa miguu, imevaa sketi ya bluu na imebeba daftari. Akadhani natania.

Lakini kwanza mjue kazi yenyewe, la sivyo hamtaelewa kitu.

Mahindi yakiwa na maji hayawekwi ghalani. Yanapata joto, yanaoza, yanaharibu na ya jirani. Kwa hiyo lori ikifika langoni, mpimaji anapiga bambo. Unaingiza mfereji ukiangalia chini, ukifika ndani unageuza, punje zinaingia, unavuta. Usipige mdomo wa gunia peke yake. Mkulima mjanja anaweka makavu juu na mabichi chini, kama mtu anayevaa shati safi juu ya fulana chafu. Piga juu, piga tumbo, piga matako ya gunia. Halafu mimina kutoka kiganja hiki kwenda kile na usikilize. Punje kavu zinapiga kelele kama changarawe. Mbichi zinanyamaza. Halafu uma. Si kwa meno ya mbele, hayo ni ya kuchekea. Uma kwa gego. Kavu inapasuka mara moja, kaa! Mbichi inakubali jino liingie. Ukiwa bado una wasiwasi, tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, hayo mahindi yana maji, hata kama mwenyewe anaapa kwa mama yake.

Hayo yote Mzee Kimaiyo alinifundisha, na hakunifundisha kwa maneno. Nilisimama karibu naye, nikauma alichouma. Nikimuuliza, "Mzee, umejuaje?" ananijibu, "Si uliona nikiuma?" Shule yangu yote ilikuwa hiyo. Ile nyingine, ya kuta na ubao, niliiacha darasa la tatu.

Makosa pia nilifanya. Siku moja jino lilinisumbua, nikaenda kung'olewa, nikadungwa sindano ya ganzi, nikarudi kazini mbio kwa sababu lori zilikuwa zimepanga foleni. Niliuma mahindi ya lori nzima na upande mmoja wa uso haupo. Kila punje ilikuwa kavu! Nikapitisha yote. Baada ya siku chache ghala likaanza kunuka pombe, na katikati ya rundo tukaona kitu kijani. Mahindi yalikuwa yameota. Mzee alinipa koleo, nikayatoa mchana mzima na kesho yake. Alisimama pale akiniangalia.

"Jino lako lilikuwa limelala," akasema. "Na wewe ulikuwa umelala?"

Kumbukeni hilo hata kama hamtauma mahindi maishani. Chombo chako kikiharibika, kitakachokudanganya ni kwamba hakikwambii.

Sasa tuingie kwa Madam Nafula. Alikuwa mwalimu wa chuo, binti wa kutoka upande wa Bungoma, mdogo kuliko sisi wote, amesoma ng'ambo na amerudi. Alikuja langoni asubuhi moja akiwa na daftari, akasimama nyuma ya Mzee Kimaiyo, akaanza kuandika. Mzee akauma. Madam akaandika. Mzee akatema. Madam akaandika. Halafu akauliza kwa adabu kabisa, "Samahani, Mzee, unajuaje?"

Nyinyi hamkuishi miaka ile. Chama cha siasa kilikuwa kimoja, wapelelezi kila mahali, na mtu akija na daftari kukuuliza unajuaje, hakuna aliyefikiri ni sayansi. Wapakiaji wote walikumbuka kazi upande wa nyuma. Mimi nikaanza kuzungusha bambo kama naikagua. Mzee akamtazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Mimi sijui kitu, mama. Kadi ya chama nimelipia."

"Sitaki kadi, Mzee. Nataka kujua kichwa chako kinafanya nini ukiuma mahindi."

"Kichwa? Mimi nauma na jino."

Wiki mbili alikuja kila asubuhi kabla hatujaamini. Alitushinda kwa mandazi. Mtu wa serikali haleti mandazi moto.

Kitu cha kwanza alichotaka ni Mzee aseme kwa sauti kila anachowaza wakati anapima, bila kuchagua. Ni njia yao, mtu akiwa kazini mwambie aongee, ndio waone hatua anazopitia. Mzee akakubali. Akapiga bambo, akamimina kiganjani, na mdomo ukaanza:

"Nawaza yule mtamba wangu mwekundu. Jana hakula. Nawaza ni minyoo au ni hasira. Huyu mtamba ana hasira kama dada yangu. Hii ni mbichi, rudisha. Nawaza nimpe magadi."

"Mzee, ngoja!" Madam akasema. "Umesema ni mbichi. Hapo uliwaza nini?"

"Mtamba."

Madam alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Lakini aliandika yote, na minyoo akaandika. Akatuambia hiyo ndiyo siri kubwa ya elimu yake, kwamba mtu anaweza kujua kitu vizuri sana na asiweze kusema anajuaje. Mkono unajua, jino linajua, mdomo unawaza ng'ombe.

Tukawa tunakaa naye kantini saa nne, chai ya saa nne, na hapo ndipo aliponieleza hiyo sayansi ilitoka wapi. Aliiita sayansi ya utambuzi. Nitawapa kama nilivyoipata, kwenye meza yenye nzi.

Alisema zamani wasomi wa akili walikuwa wakikaa chini, wanajichungulia ndani, kila mmoja anaandika alichoona. Huyu anaona hivi, yule anaona vile, na hakuna wa kuamua, kwa sababu huwezi kuingia kwa kichwa cha mwenzako ukahakikisha. Wakaja wengine wakachoka na ugomvi huo. Wakasema achaneni na mambo ya ndani, hayaonekani. Tuangalie vinavyoonekana. Panya anabonyeza chuma, anapewa chakula, anabonyeza tena. Hiyo ndiyo elimu.

"Panya tunao hapa," Mzee akasema. "Na hawangoji kupewa."

"Wakakaa hivyo miaka mingi, Mzee. Ukitaja akili kwa darasa lao unachekwa."

"Na mimi wangesema nafanya nini?"

"Wangesema mahindi yameingia mdomoni, neno limetoka mdomoni. Ya katikati tusiulize."

"Lakini kazi iko katikati!"

Madam alipiga meza mpaka chai yangu ikamwagika. "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo, Mzee! Hata wao walifika hapo hapo."

Akasema kilichowafikisha ni vitu viwili vitatu vilivyotokea karibu pamoja, baada ya ile vita kubwa ya pili. Kwanza ni mashine za kuhesabu, kompyuta. Mashine inapokea kitu, inakiweka, inakilinganisha na kingine, inatoa jibu, na kila hatua unaweza kuiandika kwa karatasi. Wasomi wakaona kumbe kitu kinaweza kuwa na mambo yake ya ndani na bado ukayachunguza bila kuwa mganga. Pili ni watu wa lugha. Wao waliuliza, ikiwa mtoto anajifunza kwa kupewa zawadi kama panya, mbona anasema maneno ambayo hajayasikia kwa mtu yeyote? Hapo nilimwelewa mara moja. Binti yangu wa tatu, akiwa na miaka mitatu, aliniambia, "Baba, viatu vyako vimenuniana." Nilikuwa nimeviacha kimoja kinaangalia mlango na kingine ukuta. Mimi sikumfundisha hayo. Mama yake hana muda wa maneno kama hayo.

Na tatu ni mambo ya kukumbuka. Hiyo alinionyesha kwa mwili wangu. Akanisomea tarakimu moja moja, nirudie. Tano, sawa. Sita, sawa. Saba, jasho. Nane, nikazama, ya mwisho ikasukuma ya kwanza nje. Nikaona aibu.

"Usione haya," akasema. "Watu wengi wanafika hapo hapo, karibu na saba. Kibakuli cha kushikia mambo ya sasa hivi ni kidogo kwa kila mtu, hata profesa."

"Lakini Madam, mimi nakumbuka namba za lori zaidi ya ishirini!"

"Unazikumbuka moja moja?"

Nikafikiri. Hapana. Nilikuwa nakumbuka lori ya yule mwenye kikohozi, lori ya yule anayesinzia, na namba ilikuja nyuma ya mtu, nzima nzima. Akasema ndivyo akili inavyofanya, inafunga mafungu. Mkono wako unashika vitu saba tu, lakini ni wewe unaamua kama ni punje saba au mahindi saba mazima, kila moja na punje zake. Tangu siku hiyo ninachotaka kukumbuka nakifunga kwa kitu ninachokijua. Mmejaribu? Jaribuni na mitihani yenu badala ya kukesha.

Basi, watu wa kompyuta, watu wa lugha, wa saikolojia, wa ubongo, hata wanafalsafa na wale wanaochunguza mila za watu, wakaja kugundua kwamba kila mmoja alikuwa anapiga bambo kwa upande wake, na gunia ni moja. Wakakaa pamoja, wakaipa hiyo kazi jina. Madam alisema bado wanabishana. Mzee akasema hiyo ni dalili kwamba gunia ni kubwa.

Kazi yake Madam mwenyewe ilikuwa kuchukua ujuzi wa Mzee na kuutia ndani ya kompyuta. Aliandika kwa vikadi vidogo: ikiwa punje inapasuka, na ikiwa inalia kiganjani, na ikiwa hainuki, basi pitisha. Vikadi vilifika zaidi ya mia, na kila akidhani amemaliza, Mzee anasema, "Isipokuwa mvua ilinyesha jana," na vikadi vinaongezeka.

Alitupeleka kuiona hiyo kompyuta. Ilikuwa moja, imefungiwa kwenye chumba chake na feni yake, kama bibi arusi. Mlangoni tukaambiwa tuvue viatu. Soksi ya Mzee ilikuwa na tundu, kidole gumba kiko nje kinaangalia elimu. Madam akaandika mambo, kioo kikawaka kijani, mashine ikauliza swali moja baada ya lingine, punje inapasuka, ndiyo au hapana, na mwisho ikasema PITISHA. Mimi nilipiga makofi.

Mzee akazunguka nyuma ya mashine, akaangalia nyaya, akarudi mbele.

"Sasa hii inauma na nini?"

Madam akacheka, halafu akaacha kucheka. "Haiumi, Mzee. Inaambiwa."

"Inaambiwa na nani?"

"Na mtu aliyeuma."

"Aa," Mzee akasema, akaanza kutafuta viatu vyake. Madam akaliandika lile swali kwenye daftari. Baadaye aliniambia kwamba swali hilo bado wasomi wakubwa wanalizungushia vichwa, kama akili inaweza kuwa akili bila mwili.

Mpaka hapo ilikuwa raha tupu. Aliyeitia mchanga ni Bwana Meneja, mkubwa wa ghala letu. Nairobi walikuwa wamemwambia ataletewa mashine ya kupima maji kwenye mahindi, unatia punje, sindano inaonyesha. Mashine ikija, wapimaji wawili ni wengi, abaki mmoja wa kuisimamia. Wapimaji wawili ni Mzee Kimaiyo na mimi. Bwana Meneja hakupenda kuchagua, alikuwa mtu wa kupenda amani, na alipoona Madam na daftari lake akaona amepata wa kumchagulia.

"Wewe ni mtu wa sayansi," akamwambia. "Wapime hawa. Anayejua zaidi abaki."

Madam alikataa. Akasema yeye anachunguza akili, hafukuzi watu. Bwana Meneja akasema sawa, basi nitarusha shilingi. Hapo Mzee mwenyewe akaingilia.

"Nipime, Madam."

Tulipotoka nje nilimuuliza kwa nini amekubali. Akasema, "Okumu, nimeuma mahindi kuanzia ujana wangu. Nikisema kavu, wanaandika kavu. Hakuna siku mtu amerudi kuniambia, Mzee, hapo ulikosea. Nataka nijue kama najua."

Mimi nitasema ukweli, nimezeeka, uongo hauna faida tena. Nilifurahi. Mzee alikuwa amebaki na magego matatu, na masikio yake yalikuwa ya kubembelezwa. Mimi nilikuwa na mdomo umejaa meno na watoto wanne. Nilijua nitamshinda, na usiku wake nililala vizuri, jambo ambalo mpaka leo silipendi.

Jumamosi asubuhi, kantini. Madam amepanga mikebe kumi na miwili ya maziwa ya unga, imebandikwa namba. Mahindi ya ndani yametoka kwa lori mbalimbali, na kila mkebe Madam alikuwa ameshaupima maji yake kwa tanuri ya chuoni, anakausha, anapima uzito kabla na baada. Majibu yako kwa bahasha. Bwana Meneja amekaa mbele kama refa. Kazi yetu ni kusema kila mkebe ni kavu, ni wa kati, au ni mbichi.

Nilianza mimi. Nilipita kama upepo. Mimina, uma, sema. Mkebe wa kwanza kavu, wa pili mbichi, wa tatu kati, mpaka kumi na mbili. Chai haikupoa. Bwana Meneja akatikisa kichwa akinisifu.

Akaja Mzee. Aliinua mkebe, akaumimina karibu na sikio, akasikiliza kama mtu anayepokea simu ya mbali. Akauma. "Kavu." Wa pili. "Mbichi." Wa tatu akamimina, akauma, akamimina tena. Akauweka chini.

"Huu sijui."

"Mzee," Bwana Meneja akasema kwa upole, "hapa hakuna mtu wa serikali. Sema tu."

"Nimesema. Sijui."

Mikebe minne alisema sijui. Minane akajibu. Mimi moyoni nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyoongea na hiyo mashine.

Madam akafungua bahasha. Mimi, kwa kumi na miwili, nilipata sita. Sita! Halafu akasema, "Okumu, mkebe wa tatu, wa saba na wa kumi ni mahindi yale yale, kutoka gunia moja. Umeyaita kati, kavu, na mbichi."

Kantini ilicheka, mpishi akaegemea sufuria. Na mimi nilicheka, kwa sababu ungefanya nini. Mzee, kwa minane aliyojibu, alipata yote minane. Na ile mitatu ya gunia moja, yote mitatu alikuwa ameisemea kitu kimoja: sijui.

"Lakini amekosa minne," Bwana Meneja akasema.

"Hajakosa," Madam akajibu. "Amekuambia mahali ujuzi wake unapoishia. Langoni akisema sijui, unachukua chupa ya chumvi, unapiga bambo tena. Okumu akikosa anakosa na tabasamu, na mahindi yanaingia ghalani."

Nilikaa nikifikiria imekuwaje, maana langoni sikuwa mtu wa kukosa hivyo. Ndipo nikaona. Kwenye mikebe hakukuwa na lori. Miaka ile yote, kabla bambo haijagusa gunia, macho yangu yalikuwa yameshapima matope ya magurudumu, turubai imetoboka au haijatoboka, magunia mapya au yenye viraka, mkulima anaangalia mbele au anaangalia viatu. Jino lilikuwa likija mwisho kutia muhuri. Nilikumbuka mama mmoja wa kutoka pande za Turbo ambaye nilimrudisha mara mbili msimu mmoja. Magunia yake yalikuwa na viraka. Aliniambia, "Baba, uma tena," na mimi sikuuma tena. Labda mahindi yake yalikuwa mabichi kweli. Labda. Siwezi kujua, na hiyo ndiyo inayoniuma.

Nilimwambia Madam, mbele ya wote. Akasema kila akili inafanya hivyo, inakisia kabla ya kuona, la sivyo hatungevuka hata barabara. Ila mtu akijua inakisia, anaweza kuifunga macho. Baadaye, kabla mashine haijafika, nilifanya hivyo hivyo. Nilikaa ndani, nikaletewa punje kwenye bakuli bila kuambiwa zimetoka lori gani. Wakulima walidhani nimekuwa mvivu.

Bwana Meneja akasimama, akampa Mzee mkono.

"Basi Mzee Kimaiyo, ni wewe. Mashine ikija utakaa nayo. Utatia punje, utasoma sindano, utaandika."

"Nitauma?"

"Hakutakuwa na haja ya kuuma."

"Sawa," Mzee akasema. Alikuwa anatabasamu, lakini si kwa Bwana Meneja. Alimgeukia Madam. "Minane kwa minane?"

"Minane kwa minane, Mzee."

"Na ile minne ilikuwa migumu kweli?"

"Ilikuwa mpakani kabisa. Hata tanuri ilisitasita."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonja kitu akakuta chumvi imekaa sawa. Akamaliza chai yake. Langoni lori ikapiga honi, na kwa mazoea mimi nikainuka, yeye akanizuia kwa kiganja.

"Kaa. Acha niione."

Alitoka bila bambo. Ilikuwa mezani, kati ya mikebe. Mimi na Madam tulimwona kwa dirisha. Alifika kwenye lori, akamsalimia dereva, akapapasa gunia moja kwa mgongo wa mkono, akasema kitu dereva akacheka. Halafu akaizunguka lori, akapita lango, akavuka barabara ya kwenda Webuye. Bwana Meneja alikuwa bado anaeleza habari ya sindano.

"Anaenda wapi?" akauliza.

"Labda kwa choo," nikasema.

Choo kilikuwa upande wa pili. Alikuwa anatembea bila haraka, mikono nyuma, koti la mvua limefunguka ingawa hakukuwa na mvua, na hakurudi tena kazini.